Jina Lililoandikwa na Mgeni: Maelezo ya Nyaraka na Watu wa Tabora na Kigoma

Mtu wa Tabora anayetaka kusoma habari za kwao katika majalada ya Kijerumani yanayohifadhiwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, hana budi kwanza kujifunza kuliandika jina la kwao kama alivyoliandika mgeni. Akitafuta "Wanyamwezi" atakosa mengi, kwa kuwa karani wa Kijerumani aliandika "Wanjamwesi". Unyanyembe, utemi wa eneo la Tabora, aliiandika "Unjanjembe" na Ujiji akaiandika "Udjidji". Mtemi Isike, ambaye Januari 1893 alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake ili asiangukie mikononi mwa askari wa ofisa wa Kijerumani, Tom von Prince, anaitwa pengine "Siki" na pengine "Sike", na mbele ya jina lake pamewekwa cheo cha "Sultan", ambacho hakuna mtemi wa Unyamwezi aliyetawazwa kwacho. UNESCO iliyaingiza majalada hayo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na orodha ya kuyatafutia, iliyochapishwa mwaka 1973, imeandikwa kwa Kijerumani. Mwenye urithi anahitaji lugha ya aliyemtawala ili ajue tu ni jalada gani la kuomba.

Tahajia, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi ya tatizo. Sehemu nzito iko katika kile ambacho watunza nyaraka na wakutubi hukiita maelezo: kichwa cha jalada, mada aliyopangiwa kitabu, namba ya rafuni, jina la mtu au ofisi inayotambuliwa kuwa ndiyo mtungaji, pamoja na sentensi mbili tatu za kueleza kilichomo. Msomaji haruhusiwi kuingia ghalani kupekua. Hukaa katika chumba cha kusomea, akayatazama maneno hayo, akaandika namba kwenye fomu, akaletewa. Kisichotajwa katika maelezo hakiombwi, na kisichoombwa hukaa miaka mingi kana kwamba hakipo. Anayeandika maelezo, basi, ndiye anayeamua nani atapatikana, kwa jina gani na chini ya mada ipi. Wengi wa walioandika maelezo ya kwanza kuhusu watu wa Unyamwezi, Buha na Utongwe walikuwa watawala, wamisionari na wasafiri, na waliwaandika watu hao huku wakiwahesabu, wakiwatoza kodi, wakiwaajiri au wakiwabatiza. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, viti vya ofisini vilipata wakaaji wapya, lakini kadi za katalogi na vichwa vya majalada vilibaki vilevile. Kuyapitia upya maelezo hayo, tena kwa kuwashirikisha wanaoelezwa, ndiko kunakokusudiwa watu wanapozungumzia kuondoa ukoloni katika maelezo ya maktaba na nyaraka.

Tuanze na rafu ya maktaba, maana hiyo ndiyo iliyo karibu na wengi. Maktaba za mikoa, za Tabora na Kigoma zikiwamo, ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na vitabu hupangwa kwa mfumo wa Dewey. Mfumo huo, uliotolewa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, huigawa elimu yote katika mafungu kumi, na kila fungu hugawanywa tena kwa kumi. Una manufaa makubwa, na sipendekezi uachwe: mtoto wa darasa la sita huelekezwa penye 967.8 akaikuta historia ya Tanzania bila kumsumbua mtu. Lakini mgawanyo wake unaonyesha aliyegawa alikuwa amesimama wapi. Katika fungu la dini, yaani 200, namba za kuanzia 220 hadi mwisho wa 280 ni za Biblia na Ukristo. Dini nyingine zote za dunia zimebanwa katika 290. Uislamu umepewa 297. Na imani za Waafrika weusi, za Waha pamoja na za Wayoruba, zimekusanywa katika 299.6, sehemu ndogo ndani ya sehemu ya "nyinginezo". Masimulizi ya wazee huelekezwa 398 pamoja na ngano, hata pale mzee alipokuwa akitaja nasaba ya watawala na chanzo cha vita, mambo ambayo yangeandikwa na Mzungu yangewekwa katika 900 kama historia. Namba 572, katika matoleo ya zamani, ilikuwa ya mbari za binadamu. Ilikaa ndani ya fungu la sayansi, mlango mmoja kabla ya mimea na miwili kabla ya wanyama.

Pale ambapo mpangilio huu unaumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni katika habari za uganga. Mzungumzaji wa Kiswahili hamchanganyi mganga na mchawi. Mmoja hutafutwa na mgonjwa, mwingine huogopwa na kila mtu; mpiga ramli ana kazi yake, na mkunga wa jadi ana yake. Maofisa wa Kiingereza waliwafunga wengi wa watu hawa katika neno moja la dharau lililounganisha uchawi na udaktari, na baada ya kutungwa kwa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, neno "uchawi" likawa pia kichwa cha kukusanyia barua na taarifa. Matokeo yake ni kwamba karatasi zinazohusu Bayeye, wale wanachama wa chama cha jadi cha Unyamwezi wanaocheza na nyoka na wanaojua dawa za sumu yake, au Baswezi, ambao shughuli yao ni mizimu na tiba ya waliopagawa, zinaweza kukutwa ndani ya jalada moja na kesi ya mtu aliyeshtakiwa kwa kumloga jirani. Mkutubi akikifuata kichwa hicho bila kufungua kitabu, atakipa namba 133.4, ambayo ni ya elimu ya mashetani na uchawi, jirani na unajimu na usomaji wa viganja. Akifungua akasoma, anaweza kuona kwamba mahali pake ni 615.88, penye dawa za jadi, au katika dini, au pote pawili.

Uchaguzi huo hauko mbali na maisha. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 inaitambua tiba asili na kuiwekea baraza lake, kwa hiyo rafu inayomweka mganga chini ya mashetani inapingana hata na sheria ya nchi. Tena katika mikoa yetu ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa, tuhuma za uchawi zimewagharimu vikongwe wengi maisha yao. Neno hilo lisiwekwe kwenye kadi ya maktaba kwa mazoea, kwa sababu kadi ya maktaba ina heshima ya maandishi, na msomaji huipokea kama jambo lililokwisha kuthibitishwa.

Majina ya watu yana ugumu wa namna nyingine, na hapa inafaa kwenda taratibu. Katika Kinyamwezi na Kisukuma, "sukuma" ni upande wa kaskazini na "dakama" ni upande wa kusini. Aliyekaa Tabora aliwaita walioko kaskazini kwake Wasukuma, na aliyekaa Usukuma aliwaita walioko kusini kwake Wadakama. Maneno hayo yalikuwa ya kuelekezana njia. Hata "Wanyamwezi" ni jina lililoenezwa na wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wakitazama bara, mwezi mwandamo unakoonekana jua likitua, na watu wenyewe walijitambulisha zaidi kwa utemi wao: Wanyanyembe, Wagalaganza, Wakonongo. Serikali ya Kiingereza, chini ya Gavana Donald Cameron aliyeanza kazi mwaka 1925, ilitaka kutawala kupitia machifu, na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 ikahitaji kila mtu awe na kabila moja, na kila kabila liwe na mipaka na mkuu wake. Jina lililokuwa dira likawa sanduku. Katalogi ikalipokea sanduku hilo, na orodha za mada zinazotumiwa duniani zikalichapisha kama kitu kilichokuwapo tangu zamani za kale.

Je, turudi nyuma tuyafute majina hayo? Sidhani. Wanyamwezi wa leo hujiita Wanyamwezi, huimba kwa jina hilo, hutaniana na makabila mengine kwa jina hilo. Mjini Ujiji kuna mfano ulio mgumu zaidi. Jina "Wamanyema" liliwakusanya watu wa lugha nyingi waliotoka upande wa pili wa ziwa, mashariki ya Kongo, wengi wao wakiwa wameletwa au kusukumwa na misafara ya pembe na ya watumwa katika karne ya 19. Wabembe, Wabangubangu na Wagoma waliandikwa kwa jina hilo moja. Kwa wajukuu wao, hata hivyo, Umanyema ni ukoo, mtaa, msikiti, mapishi na heshima. Mtunza nyaraka anayefika na kamusi mkononi kuwaambia kwamba jina lao si la kweli atakuwa amefanya lilelile lililofanywa na bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni. Kazi inayofaa ni kuliacha jina, kueleza lilikotoka, na kuongeza njia za kufikia majina yaliyofichwa ndani yake, ili anayemtafuta babu yake Mbangubangu asipotee kwa sababu babu aliandikwa Mmanyema.

Kuna pia maneno ya kuhukumu yaliyojificha ndani ya maelezo kana kwamba ni habari tupu. Henry Morton Stanley alipofika Tabora mwaka 1871 alijiunga na Waarabu kumshambulia Mirambo wa Urambo, wakashindwa, na katika maandishi yake ya wakati ule Mirambo ni mnyang'anyi wa njiani. Mwaka 1876 wakakutana, wakachanjiana udugu, na mtu yuleyule akaanza kusifiwa, hata Wazungu wakamlinganisha na Napoleon. Maelezo yote mawili yanamweleza aliyeandika kuliko yanavyomweleza Mirambo, aliyekuwa mtawala akigombea ushuru na njia za biashara zilizopita katika nchi yake. Hata sifa ya Napoleon inamkopesha ukubwa wa mtu mwingine. Katalogi inayoandika "ujambazi" au "maasi" mahali palipotokea vita kati ya pande mbili imekwisha kuchagua upande. "Vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora, 1871 hadi 1875" ni maelezo yanayotosha, na msomaji ataachiwa hukumu yake.

Vyeo navyo vilitafsiriwa mpaka vikapoteza maana. Mtemi aliitwa sultani na Wajerumani, kisha chifu na Waingereza. Kule Buha, nchi ya Waha, mwami, yaani mtawala, alikuwa na watwale waliosimamia maeneo kwa niaba yake, na kulikuwa na wateko, waliokuwa na mamlaka ya matambiko juu ya ardhi na ambao hawakuwa ngazi ya chini ya mwami kwa maana ya kiofisi. Jedwali la Kiingereza lenye chifu, naibu na jumbe halikuwa na chumba cha kumweka mteko, kwa hiyo katika karatasi nyingi mteko haonekani. Mtu anayechunguza leo mgogoro wa ardhi wa Kasulu au Kibondo angehitaji sana kumwona. Maelezo mapya yanapaswa kuandika mwami, mtwale na mteko kwa maneno hayohayo, yakafuatiwa na ufafanuzi mfupi, kama ambavyo hakuna anayejisumbua kutafsiri "papa" au "kaiza" kila anapowataja.

Mambo yanakuwa mazito zaidi tukiingia masjala. Kanuni mama ya utunzaji wa nyaraka inasema kwamba karatasi zibaki katika mpangilio wa ofisi iliyozitengeneza, zisichanganywe na za ofisi nyingine. Ni kanuni njema, kwa sababu inalinda ushahidi: unajua nani alimwandikia nani, lini, na kwa nini. Lakini ina gharama ambayo hulipwa na upande mmoja. Katika miaka ya 1920 na 1930, maelfu ya watu wa Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora, walihamishwa kutoka vijiji vyao na kukusanywa katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale na mbung'o. Kwa watu hao, hilo lilikuwa tukio la kuacha makaburi ya wazazi, mashamba na mahali pa matambiko. Kwa ofisi lilikuwa jambo la afya na la wadudu, na ndivyo lilivyofunguliwa jalada. Vijana wa Kiha waliokwenda mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro, wale walioitwa manamba, wako chini ya kazi na usafirishaji wa vibarua. Anayetafuta chini ya "Waha" atakuta desturi, ngoma na mahari. Kilichowapata Waha hasa kimewekwa chini ya vichwa visivyowataja.

Vitabu vya wilaya, vile vitabu vikubwa ambavyo mabwana shauri waliandikia habari za maeneo yao, vilikuwa na kurasa zenye vichwa vilivyochapwa tayari, na mojawapo liliunganisha historia na hekaya za kabila. Mzee aliyekaa kitako akaeleza utawala ulivyopita kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, maneno yake yakaingia chini ya kichwa hicho kabla hata hajafungua kinywa. Upande wa kusini wa Kigoma, nchi ya Watongwe katika milima ya Mahale imeandikwa sana tangu watafiti wa Kijapani walipoanza kazi huko mwaka 1965, lakini anayetaka kuifikia kwa njia ya katalogi ataifikia zaidi kupitia sokwe, kisha hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1985. Watongwe walikuwa na mizimu yao katika milima hiyo, na jina la mlima katika kinywa cha Mtongwe lina habari ambayo haimo kwenye ramani ya watalii.

Suala hili halikuanzia kwetu, ingawa mojawapo ya chimbuko zake liko karibu nasi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mkutubi Mmarekani, Sanford Berman, alifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka. Maktaba hiyo ilitumia vichwa vya mada vya Maktaba ya Bunge la Marekani, na kimoja kilikuwa "Kafirs", kikiwahusu watu wa Kusini mwa Afrika. Waafrika aliofanya nao kazi walimweleza kwamba hilo ni tusi. Msomaji wa Kiswahili analijua neno hilo kwa sura nyingine: ni kafiri, lililotoka Kiarabu, la kumwita asiyeamini. Lilisafiri na mabaharia na wafanyabiashara hadi kusini, likageuzwa jina la watu, kisha likawa tusi la makaburu, na mwisho likawekwa katika kadi za maktaba kama istilahi ya kitaalamu. Berman alichapisha mwaka 1971 kitabu cha kuvipinga vichwa vya namna hiyo, na vingi vilibadilishwa katika miaka iliyofuata.

Huko Kanada, Brian Deer, mkutubi wa Kimohawk kutoka Kahnawake, alibuni katika miaka ya 1970 mfumo wa kupanga vitabu unaoanza na uhusiano wa mataifa ya wenyeji kati yao wenyewe. Mfumo wa Maktaba ya Bunge ulikuwa umewaweka wenyeji wa Amerika katika herufi E, kabla tu ya namba za "kugunduliwa" kwa Amerika, kana kwamba habari zao ziliishia hapo meli zilipotia nanga. New Zealand ina orodha ya vichwa vya mada kwa lugha ya Kimaori, iliyotengenezwa na Wamaori wenyewe. Marekani, miongozo ya kutunza nyaraka za wenyeji iliandikwa mwaka 2006 na kikundi ambacho wengi wao walikuwa wenyeji hao, na chama kikuu cha watunza nyaraka cha nchi hiyo kiliikubali rasmi mwaka 2018 tu. Miaka 12 ilipita katika kubishana juu ya nani ana haki ya kusema nini.

Hapa lazima tuseme neno kuhusu tamko "watu wa asili". Azimio la Umoja wa Mataifa la tarehe 13 Septemba 2007 kuhusu haki zao lilipata kura 144 za ndiyo. Marekani, Kanada, Australia na New Zealand zililikataa wakati ule, na miongoni mwa nchi 11 zilizojizuia kupiga kura zilikuwapo Kenya na Burundi, jirani zetu. Wasiwasi wa nchi za Kiafrika ulieleweka: ikiwa sote ni wazawa, kuwaita wachache "wa asili" kunaonekana kuwafanya wengine wageni. Katika Tanzania wanaolitumia zaidi tamko hilo ni Wahadzabe, Waakie, Wabarabaig na Wamasai, si Waha wala Wanyamwezi. Naona si lazima tuumalize mjadala huo ndipo tusahihishe katalogi. Mtu yeyote aliyeandikwa na mtawala wake bila kuulizwa ana hoja, awe wa asili kwa tafsiri hii au ile.

Tena tusijifanye kwamba lawama yote ni ya Kiingereza na Kijerumani. Kiswahili chenyewe kilipanda na misafara kutoka pwani kikiwa na mizani yake. Watu wa bara waliitwa washenzi, na aliyefuata mavazi, dini na mwenendo wa pwani akaitwa mstaarabu, neno ambalo kwa asili yake ni mtu aliyejifanya Mwarabu. Wasafiri wa Kizungu waliopita Tabora na Ujiji waliongozwa na watu waliosema Kiswahili, wakayaokota maneno hayo, wakayaweka vitabuni. Wahadzabe waliandikwa miaka mingi "Watindiga", jina la kupewa na wengine. "Wandorobo" limetokana na neno la Kimasai la kuwadharau wasio na ng'ombe, na bado linatumika katika maandishi ya Kiswahili bila mtu kushtuka. Kutafsiri katalogi kwa Kiswahili ni kazi ninayoitamani sana, lakini tafsiri peke yake haitaondoa dharau. Inaweza kuileta karibu zaidi.

Basi inafanywaje kazi yenyewe? Kanuni ya kwanza ni kutofuta. Kichwa ambacho ofisi ya jimbo ilikiandika ni ushahidi wa jinsi ofisi hiyo ilivyofikiri, na mwanahistoria wa ukoloni anakihitaji kama kilivyo. Kinachobadilika ni mahali pake na sauti yake. Tuseme kuna jalada lenye kichwa cha Kiingereza chenye maana ya "Mambo ya wenyeji: uchawi". Maelezo mapya yatakiweka kichwa hicho ndani ya alama za kunukuu na kueleza kwamba ni maneno ya ofisi. Chini yake yatafuata maelezo yanayoanza na kilichomo: "Taarifa za bwana shauri kuhusu Bayeye, chama cha waganga wa sumu ya nyoka, pamoja na malalamiko mawili ya kulogana yasiyowahusu." Katika vichwa vya kutafutia yatawekwa Bayeye, tiba asili, nyoka, Unyamwezi, pamoja na "Wanjamwesi" na tahajia nyingine za zamani, ili kila anayekuja kwa njia yoyote afike. Mwisho itaandikwa tarehe ya marekebisho, aliyerekebisha, na walioulizwa, kwa sababu na sisi tutakosea, na atakayekuja baada yetu anastahili kuona tulipokosea.

Kanuni ya pili ni kutanua maana ya mtungaji. Kanuni ya kimataifa ya kueleza nyaraka iliyotolewa na Baraza la Kimataifa la Nyaraka mwaka 1994 ilimweka mtungaji wa jalada mahali pa mbele, na mtungaji huyo kwa kawaida alikuwa ofisi. Mwongozo mpya wa baraza hilohilo, uliokamilishwa mwaka 2023, unaruhusu jalada moja lifungwe kwa watu na jumuiya nyingi kwa mahusiano tofauti. Wanyamwezi waliorekodiwa nyimbo zao kwenye silinda za nta zilizohifadhiwa Berlin, nyimbo ambazo mtaalamu wa muziki Erich von Hornbostel alizichambua kwa maandishi mwaka 1909, si mada tu ya mkusanyo ule. Ni waimbaji wake, na pengine watunzi wake.

Kanuni ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: kuuliza. Kuuliza kunachukua siku, nauli na subira, na majibu hayalingani. Mzee wa ukoo wa watawala atasema hivi, mzee wa ukoo wa wateko atasema vingine, na wanawake, ambao mabwana shauri hawakuwauliza, watakuwa na la kwao. Maelezo mazuri yanaweza kubeba kauli mbili zinazopishana, mradi kila moja iwe na mwenyewe. Kuna pia yasiyopaswa kutangazwa. Mambo ya kuingizwa katika Uswezi, chama cha Baswezi, ni ya walioingizwa, na ikiwa mmisionari aliyaandika zamani bila ruhusa, kuyaweka leo kwenye intaneti kwa kila mtu si lazima kuwe ndiyo haki. Wengine hudhani kuondoa ukoloni ni kufungua kila kitu. Mara nyingine ni kufunga mlango uliovunjwa, na kuwakabidhi wenyewe ufunguo.

Tabora ina nafasi ya pekee katika jambo hili, na ndiyo sababu ninaliandika kwa kuitaja. Tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma lililopo mjini hapa, lililorithi Chuo cha Uhazili, linafundisha vijana utunzaji wa kumbukumbu, na vijana hao wanapelekwa masjala za halmashauri nchi nzima. Kijana mmoja aliyefundishwa kwamba kichwa cha jalada ni uamuzi kuhusu watu anaweza, kwa kalamu tu na bila bajeti yoyote, kuandika "kuhamishwa kwa kaya za kijiji" mahali ambapo mwenzake angeandika "upimaji wa eneo". Majalada ya leo ndiyo nyaraka za mwaka 2070.

Nimalizie na picha. Mikusanyo ya picha za kikoloni, kama ule wa Chama cha Kikoloni cha Kijerumani ulioko Frankfurt, ina wapagazi, wanawake wenye mitungi, askari na watoto kutoka nchi yetu, wengi wakiwa wameelezwa kwa kabila na kazi tu. Tangu mwaka 1960 sokwe wa Gombe, mwendo wa boti kutoka mjini Kigoma, walipewa majina, na Flo, Fifi na David Greybeard wamo katika faharasa za vitabu duniani kote, jambo ambalo ni jema na limesaidia kuwalinda. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo wa mpiga picha kutoka pwani hadi ziwani naye alikuwa na jina, na wenzake waliliita kila asubuhi msafara ulipoamka. Katika nafasi ya jina, katalogi nyingi zimeandika kwamba mtu huyu hajulikani. Napendekeza nafasi hiyo isahihishwe kwanza, kabla ya nyingine zote, na iandikwe: "Jina halikuandikwa na mpiga picha." Kisha picha ipelekwe Urambo, Sikonge, Kasulu na Ujiji, ikae mezani penye wazee, na nafasi ya chini yake iachwe wazi.